Kisha, Au

Mwalimu Lutandula alilisoma swali kwa Kiingereza cha kitabu,
akatutazama, akakohoa kidogo,
akalirudia kwa lugha ya nyumbani:
msichana ana mashati matatu,
sketi mbili, viatu jozi nne.
Aweza kuvaa kwa namna ngapi?

Nikajumlisha. Tatu, mbili, nne: tisa.
Kalamu nyekundu ikapita juu ya tisa yangu
kama kisu juu ya magamba ya sato.
"Nyanzobe, anavaa shati, kisha sketi, kisha viatu.
Ukisikia 'kisha', zidisha.
Ukisikia 'au', hapo ndipo ujumlishe.
Kila shati lina miadi na kila sketi."

Ishirini na nne!
Nilimwonea wivu msichana wa swali.
Shati langu hufuliwa usiku, hukaukia juu ya jiko.
Sketi ni ya dada Kwandu, pindo limekunjwa mara mbili.
Viatu ni hivi.
Moja mara moja mara moja:
niliiandika pembeni mwa daftari kwa penseli, hafifu,
Holo wa dawati langu asiione.
Akaiona. Hakusema kitu.

Jioni, mama akiwa bado Mwaloni anaanua dagaa,
nilifanya mazoezi kwa vitu vilivyokuwepo.
Michembe au uji: mbili.
Chumvi au bila chumvi: mbili.
Kikombe cha bati, cha plastiki, au kile chenye ufa: tatu.
Mbili mara mbili mara tatu, kumi na mbili,
na njaa ni ileile moja.

Nikahesabu njia.
Kutoka kwetu Mabatini hadi Mlango Mmoja, tatu:
ya ngazi,
ya kupenya katikati ya mawe kwa fundi redio,
na ya mtaroni ambayo mama ameikataza
(nimeihesabu, hesabu haina mama).
Kutoka Mlango Mmoja, vivuko vinne vya Mirongo hadi shule.
Tatu mara nne.
Nikacheka peke yangu gizani:
mahali panaitwa Mlango Mmoja,
na milango yake ni kumi na miwili.

Usiku wa kuamkia jaribio mvua ilishuka
kama ina deni na mabati yetu.
Asubuhi Mirongo ulikuwa umevimba,
unapeleka ziwani ndala, sufuria,
mlango mzima wa banda la kuku na komeo lake.
Vivuko vyote vinne vilikuwa chini ya maji.

Nikasimama ukingoni na sare yangu.
Njia tatu za kushuka bado nilikuwa nazo.
Tatu, mara sifuri.
Sikuhitaji kalamu.
Sifuri haikuulizi ulikuwa na ngapi.
Moja, niliyoionea haya, ina adabu:
ukizidisha nayo, inakuacha ulivyo.

"Au," sauti ikasema nyuma yangu,
"tupande na mto hadi kule juu
ulipo mwembamba, turuke."
Alikuwa Holo, viatu mkononi, mfuko wa rambo kichwani.

Au.
Sifuri, jumlisha moja.

Tulifika nusu saa imekwenda.
Mwalimu aliitazama saa, akayatazama matope,
akatugawia karatasi bila neno.
Msichana wa mashati alikuwa swali la tatu;
safari hii wamempa na mikufu miwili.
Arobaini na nane. Sikumwonea wivu,
au labda kidogo, kwa ajili ya viatu.

Nafasi ilibaki chini, nikatunga langu:
Msichana ana shati moja, sketi moja, viatu jozi moja,
na rafiki anayejua kusema "au".
Aweza kufika kwa namna ngapi?

Mwalimu hakulipa alama.
Alipiga mstari tu chini ya neno moja,
kwa ile kalamu nyekundu.